Mama wa ndizi pale Kibuye, nyota 4 kwa 5

Wenye mnaniuliza ndizi za chai ya saa nne natoa wapi, natoa soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa mama mmoja mwenye meza na turubai la bluu, hana bango hana jina, ulizia tu mama wa ndizi za gunia utaonyeshwa.

Kabla yake nilikuwa nachukua kwa jamaa fulani wa kando ya steji, tatu kwa ishirini, manjano safi kama imepakwa rangi, mkungu mzima umeiva siku moja, halafu ukimenya ndani ni gumu na utomvu unashika meno. Siwezi kuapa alitumia kabaidi, ile kemikali ya kuivisha haraka, lakini tumbo langu lilikuwa na maoni yake.

Huyu mama hafichi. Siku ya kwanza nilimkuta anafungua gunia, ndani ndizi za Kisii zimelaliana na avokado mbili zimelegea, harufu tamu hiyo ikanipiga usoni. Nikamuuliza mama hizi umeweka dawa? Akacheka, "Nyathina (yaani mwanangu), dawa si ndio hiyo avokado." Na hajakosea, ju tunda likianza kuiva linatoa gesi inaitwa ethilini, hiyo ndio homoni ya mmea wenyewe, inafanya wanga ugeuke sukari na ganda liache kijani, sasa ukifungia lililoiva na mabichi gesi inazunguka yote yanafuatana. Hata hizo ndizi za kupelekwa Ulaya kwa meli huwa zinapuliziwa ethilini kwa vyumba zikifika. Gesi inaishia hewani, si kitu ya kukutia hofu.

Shida ni kabaidi ya wale wa kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu inatoa asetilini, inaiga ethilini, na huwa imebeba mabaki ya aseniki na fosforasi, hiyo ndio hutaki karibu na chakula. Na kuna jirani yangu anasema homoni za mimea zinaotesha wanaume matiti, huyo amechanganya na hadithi za soya, na hata soya ukikula kawaida haijaonekana ikishusha homoni ya kiume, kwa hivyo akule ndizi atulie.

Kitu nimempendea sana, mzee wangu ana ugonjwa wa sukari na mama bila kuambiwa mara ya pili humchagulia zenye ncha bado kijani, ju hapo kuna wanga bado haujageuka sukari kama kwa zile zimeiva kabisa.

Nyota moja nimekata ju gunia linachukua siku tatu nne, kukiwa na baridi hata zaidi, na zikiisha zimeisha, saa nane unapata meza tupu na mama anasuka ukili. Za chini pia huwa zimepondeka, kwa hivyo geuza chane uangalie nyuma kabla ulipe. Ni kumi kumi, hapunguzi, nimejaribu. Beba mfuko wako, na ukifika nyumbani usiweke kwa friji, ganda litageuka jeusi uanze kumlaumu bure.