Hilux yangu ya 2000: nimeinyanyua vibaya, nikaishusha, ndo nikapatia

Assalaam alaykum wajameni. Washaniuliza watu kadhaa ile pikapu yangu nimeinyanyua inchi ngapi na mipira ni saizi gani, bas naandika mara moja nipumue. Gari ni Hilux dabo kebini ya 2000, modeli LN167, injini ya dizeli inaitwa 5L (jina tu hilo, si lita tano), cc 2986, haina tabo. Mbele ina toshenibaa, yaani vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi, nyuma springi za majani. Kazi yake kuchukua watu na vitu vya shamba upande wa Mtambwe, huku Pemba, na ukifika msimu wa karafuu ndo hailali.

Shida yangu ilikuwa ile njia ya kuteremka bondeni. Masika tope lake jekundu mnalijua, gari za ng'ombe na malori washachimba mifereji miwili, katikati limebaki tuta, sasa mie nikiingia difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inakaa juu ya tuta kama kuku anaatamia na mipira inazunguka bure. Tumeshaitoa kwa majembe na makuti mpaka maghribi, siku hiyo nikasema lazima niinyanyue hii gari.

Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Akaniambia inchi nne sheikh, afu utie mipira ya inchi 33, hutokwama tena. Mie nikaona raha. Mbele akazikaza bolti za toshenibaa mpaka zikagoma, nyuma akatoa zile shekeli zinazoning'iniza springi akatia ndefu za kuchomelea. Kazi ya siku moja. Mipira 33 pesa haikutosha, nikabaki na yangu ile ile 235/75R15. Wallahi gari ilipendeza, wiki ya kwanza nlikuwa naipaki barabarani makusudi watu waione.

Afu yakaanza. Mbele ikawa ngumu, kila shimo ga! ga! mana mkono wa chini ushateremka mpaka mwisho wake, hauna pa kwenda tena gurudumu likitumbukia. Buti la sivi jointi (ile jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele) kushoto likapasuka haikufika miezi miwili, nikaona grisi imetapakaa ndani ya rimu, fundi mwengine akaniambia jointi inazunguka kwa pembe kali kuliko ilivyotengenezwa. Mipira ya mbele ikaliwa ukingo wa nje, huku ndani kashata, yale meno ya mpira, bado nzima. Na bi mkubwa akawa hapandi mpaka tumuekee kreti la soda, akishuka ananambia "gari gani hii mwanangu, minazi tushaacha kupanda".

Lakini la kuogopesha ni breki, na hili naomba mlisome vizuri. Hilux hizi kwa nyuma zina kifimbo chembamba kimetoka kwenye ekseli kinakwenda kwenye valvu ya breki juu kwenye chasisi. Kazi yake kupima mzigo: gari ikibonyea kwa mzigo, kifimbo kinasogea na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi, gari ikiwa tupu inainuka na zinapunguziwa zisije zikabana magurudumu ukateleza. Sasa ukiinyanyua nyuma bila ya kukigusa kile kifimbo, gari inadhani iko tupu siku zote. Mie nna magunia ya karafuu nyuma na vijana wanne juu yake, nateremka mlima, nakanyaga breki, mbele inainama nyuma inasukuma, nimesimama hatua chache tu kabla ya gari ya ng'ombe iliyokuwa imekatisha. Ng'ombe mwenyewe hata hakugeuka. Nikashuka miguu haina nguvu. Na hozi ya breki ya nyuma nilipoichungulia imevutika imekaza kama uzi wa mshipi, siku ingetumbukia kwenye shimo kubwa ingeng'oka tu.

Na juu ya yote hayo, nilikuwa BADO nakwama! Hapo ndo nilipochoka. Nikenda kwa mzee mmoja fundi Wete, hana gereji ya maana, mwembe na jeki mbili. Hakusema kitu, akaokota kijiti, akakisimamisha chini ya difu yangu akakivunja kwa urefu ule, afu akenda kwenye Hilux ya jirani haijaguswa kitu, mipira saizi moja na yangu. Kijiti kikaingia vile vile. Akanitazama. Springi zinanyanyua bodi na chasisi tu, difu inakaa pale ilipowekwa na mipira, uitie springi ndefu kama mlingoti haisogei hata unywele. Nilichokilipia ni nafasi ndani ya fenda basi, na hiyo nafasi ina maana ukitia mipira mikubwa tu, mie sijatia.

Kwa hiyo hesabu ianze kwa mipira. 235/75R15 urefu wake kama milimita 733 kutoka juu mpaka chini. 31x10.5R15, yaani ya inchi 31, ni 787 hivi. Tofauti 54, gawa kwa mbili, difu inapanda sentimita 2.7. Utasema kidogo, lakini kwenye lile tuta ndo kupita na kutopita. 33 ni 838, inakupa sentimita tano na kitu, tamu, ila ni karibu asilimia 14 zaidi ya mpira wa mwanzo na injini hii haina tabo, milima ya Pemba hii utapanda kwa gia ya pili na magunia yako, breki nazo zina kazi zaidi ya kusimamisha mpira mzito, na fenda lazima ukate. Nikaachana nayo. 31 Toyota wenyewe waliiweka kiwandani kwenye baadhi ya Hilux za miaka ya 90, kwa hiyo si saizi ya ugeni kwa gari hizi.

Bas tukafanya hivi. Zile shekeli za kuchomelea tukatupa. Springi za nyuma nikaagiza mpya kutoka Dar, zilizopindwa kunyanyua kama sentimita nne, zimekuja kwa meli mpaka Mkoani, pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo, yubolti mpya na busha mpya (zile za zamani zilikuwa zishaliwa na kutu, hewa ya chumvi hii haina huruma). Mbele mzee akazilegeza toshenibaa mpaka ikabaki sentimita tatu juu ya ile ya kiwandani, akipima kutoka kati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, kulia na kushoto, kila mara akiisukuma gari mbele na nyuma ikae ndo anapima tena. Hozi ya breki ndefu. Kile kifimbo akakitilia kipande cha kukipandisha kwa kiasi kile kile kilichopanda nyuma. Afu alaimenti, kuyanyoosha magurudumu. Baada ya kama kilomita 500 nikarudi akakaza yubolti upya, na kweli zilikuwa zimelegea.

Mipira nimenunua Unguja. Duka la kwanza walinionyesha "mipya" inang'aa, kumbe pale ubavuni kwenye zile namba nne za mwisho imeandikwa 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpya vipi? Mpira ulokaa juani miaka yote hiyo unapasuka hata kama kashata nzima. Nikaondoka. Na uzito pia tazameni, yangu imeandikwa 109, maana yake kilo 1030 kwa mpira mmoja.

Sasa hali ilivyo: masika yaliyopita bondeni nimepita, nimekwama mara moja tu na kosa langu. Mbele laini, buti za sivi nzima mpaka leo. Ubaya upo. Mafuta inakula zaidi kidogo, mlima mrefu natoa gia mapema kuliko zamani, ukikata usukani mpaka mwisho mpira unagusa kidogo ile mpira ya madigadi, nimeikata kwa kisu. Spidi mita nayo inadanganya, ikisoma 60 mie niko 64. Ikiwa tupu nyuma bado inarusha, springi mpya hizo, ukikaa siti ya nyuma utajua. Bei siandiki kwa sababu nimenunua kidogo kidogo na kila meli ilikuja na bei yake, ila marekebisho yamenigharimu mara tatu ya ule unyanyuaji wa mwanzo.

Bi mkubwa anapanda bila kreti, anashika mlango tu.

Kilichobaki ni spea taya, ya tano bado ni ile 235 ya zamani. Kwa lami mpaka gereji inatosha, ila foo wili siitii kabisa ikiwa imevaliwa, mipira ikitofautiana saizi giaboksi inapigana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye 31 moja iliyo salama Chake au Wete anitumie picha, na picha ya zile namba nne iwemo.