Risasi za tundu kwenye rivolva ya mtutu mfupi: nilinunua sanduku moja, sitarudia

Kwa wenye haraka nianze na jibu. Kama rivolva yako ni ya .38 Special, mtutu wa inchi mbili, na ni ya zamani kama yangu, usikimbilie risasi za tundu kwa sababu umeona video za Wamarekani. Mimi nilikimbilia. Sasa nimerudi kwenye risasi za kichwa bapa, zile watu wa shabaha huziita wadkata, na ndizo zilizomo ndani ya bastola ninapoandika haya.

Kazi yangu ni kununua mahindi na alizeti. Msimu ukifunguka, siku nne za wiki niko Kibaigwa, na anayelijua lile soko anajua kwamba pamoja na pesa za simu kuenea, wapo wakulima ambao bila noti mkononi gunia halishuki. Nikirudi Dodoma mjini mara nyingi ni usiku, na barabara ya Morogoro usiku haina rafiki. Ndipo nikaanza kuomba leseni. Serikali ya mtaa, kamati ya ulinzi na usalama, polisi wilaya, polisi mkoa, alama za vidole, picha, rudi kesho. Hiyo nitaisimulia siku nikiwa na subira.

Silaha yenyewe ni Smith & Wesson Model 36, chuma kitupu, inabeba risasi tano, uzito wake nusu kilo na kitu kidogo. Niliipata ikiwa imetumika. Kwenye mtutu imeandikwa kaliba tu, haina alama ya +P, ile ya kuonyesha kwamba bastola inahimili risasi zilizojazwa nguvu zaidi. Shikilia hilo, maana ndilo lililokuja kuniharibia hesabu.

Hizi risasi za tundu ni nini hasa? Kichwa cha risasi kina shimo mbele. Kikiingia kwenye kitu chenye majimaji, yale majimaji hujaa shimoni kwa nguvu na kukipasua kingo zikageuka nje, kichwa kikapanuka. Kikipanuka kinapunguza mwendo na hakipiti mbali. Wengine bado wanaziita dumdum, jina la mji ulio karibu na Kolkata, India, ambako Waingereza walikuwa na karakana ya silaha miaka ya 1890 na wakatengeneza risasi za kupanuka. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ukazipiga marufuku vitani. Marufuku ile inahusu vita. Polisi wa Marekani wanazibeba kila siku, na sababu yao mojawapo ni kwamba risasi isimpite mhalifu ikamkuta mtu wa nyuma yake.

Sababu hiyo ndiyo iliyonivuta. Nyumba yangu ina dari ya jipsamu, milango ya mbao, na chumba cha watoto kimepakana na sebule. Jirani yupo hatua kumi na mbili. Nikajiambia risasi isiyopita mbali ndiyo ya mtu mwenye familia.

Nikaenda dukani Dar es Salaam nikiwa na kitabu changu cha leseni. Kabla ya hapo nilimwuliza ofisa anayeshughulikia silaha kama aina hiyo ina shida kwa leseni yangu, na wewe muulize wa kwako kabla hujatoa hela. Niliyoitamani kuliko zote ni Gold Dot ya Speer ya grein 135 (kama gramu 9 hivi), kwa sababu ilibuniwa makusudi kwa mitutu mifupi. Muuzaji akaipindua bastola, akatazama mtutu, akaniuliza, "Bosi, +P iko wapi?"

Haikuwepo. Gold Dot ile ni +P, maana yake imejazwa ili isukume zaidi. Kwa viwango vya Marekani, .38 Special ya kawaida mwisho wake ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, +P ni 20,000. Bastola ya zamani isiyo na alama hailipuki siku hiyohiyo, lakini inalegea, na mimi sikutoa jasho lote la leseni nije nilegeze fremu kwa mkono wangu. Kuna pia Critical Defense ya Hornady, grein 110, ya msukumo wa kawaida, ina kizibo chekundu laini kwenye shimo ili nguo isiingie. Siku hiyo haikuwepo dukani. Nikachukua iliyokuwepo, nyepesi nayo, ya msukumo wa kawaida, shimo wazi. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu sina uhakika kosa ni lao au ni la mtutu wangu. Sanduku la risasi 20 lilinigharimu zaidi ya sanduku la 50 la kichwa bapa nililonunua pamoja nalo.

Sasa jambo ambalo video za Marekani hazikwambii. Kule mshauri anasema piga risasi mia mbili za aina hiyo kwanza ndipo uiamini. Mia mbili! Huku idadi uliyoruhusiwa imeandikwa kwenye leseni, na kila unayoipiga kujaribu unaitolea maelezo unaponunua nyingine. Kwa hiyo mimi jaribio langu ni risasi kumi na tano, basi.

Nina mzee wangu mmoja, bwana nyama (askari wa wanyamapori) mstaafu, anaishi upande wa Chamwino. Nilipompelekea lile sanduku alipokea shikamoo yangu, akavaa miwani, akaitia risasi moja kwenye kiganja akaipimapima kama mtu anayenunua karanga. "Mwanangu, hii nyepesi. Itapiga chini."

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha tulioruhusiwa, asubuhi, kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Tano za kwanza nilipiga karatasi kwa umbali wa mita saba. Zote zikaingia chini ya nilipolenga, vidole vinne hivi. Mzee hakusema kitu, alicheka tu puani. Sababu yake ni rahisi ukishaelezwa: risasi nyepesi inatoka mtutuni mapema, kabla teke la bastola halijauinua mkono vya kutosha, na kidude cha kulengea cha bastola kama yangu kimechongwa kwa ajili ya risasi ya grein 158, ambayo ndiyo .38 ya asili. Hakisogezwi. Ukibadili uzito, umebadili shabaha.

Tano zilizofuata nilipiga madumu ya maji. Kwa mtu wa alizeti madumu ya mafuta ya lita tano hayakosekani. Niliyapanga kwa mstari, risasi inakaa katika dumu mojawapo unaiokota. Tatu zilipanuka vizuri, mbili nusunusu. Nikafurahi. Mzee akavua koti lake la Juni, lile zito la kondoo ndani (sisi wa hapa tunajua Juni ya Dodoma usiku), akasema mhalifu wa usiku wa baridi haji kifua wazi. Hatukulitoboa koti la mzee, tulitumia sweta kuukuu na kipande cha jinzi, tukafunika dumu la kwanza. Tano za mwisho: moja ndiyo iliyofunguka. Nne zilitoka madumuni jinsi zilivyoingia, shimo limejaa nyuzi za sweta kama sikio lililozibwa pamba, tena zilikwenda mbali kuliko zile za mwanzo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Tundu likizibwa, risasi ya tundu ni risasi ya kawaida ya bei mbaya. Mtutu wa inchi mbili hautoi mwendo wa kutosha kuilazimisha ifunguke. Baruti nyingine inaungulia nje, unaiona kwa ule mwali mbele ya mdomo. Na maji yenyewe ni mtihani mwepesi, yanaifungua risasi kirahisi kuliko jeli wanayotumia wapimaji badala ya nyama. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, baada ya mapambano yao na majambazi Miami Aprili 1986, walijiwekea kipimo cha risasi kupenya jeli kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46, pamoja na kupitia nguo nzito. Kwa .38 fupi kupata vyote viwili, kupanuka na kufika, ni kazi ngumu: ikipanuka sana haifiki, ikifika huenda haikupanuka.

Kichwa bapa sasa. Grein 148, risasi yake imezama yote ndani ya ganda, ukiitazama unadhani haina kichwa. Hutengenezwa kwa mashindano ya shabaha kwa sababu inakata karatasi tundu safi la duara. Teke lake ni dogo mno. Mita saba, tano zote zikakaa ndani ya upana wa kiganja changu, karibu kabisa na nilipolenga. Kwenye madumu yenye sweta haina la kupanuka wala kuzibwa, kila moja ilifanya ileile kazi ya mwenzake. Mke wangu, ambaye hajawahi kuipenda ile bastola, alipoambiwa teke limepungua kuliko lile la kwanza alisema kheri.

Ina kasoro zake. Ukitaka kujaza upya haraka, ule ukingo bapa unagonga mdomo wa silinda, hautelezi ndani kama kichwa cha duara, na vidole vikitetemeka ndiyo kabisa. Inaacha utando wa madini laini ya risasi mtutuni, usafishe siku hiyohiyo. Na kupita bado inapita: ukikosa, dari ya jipsamu haizuii kichwa bapa wala tundu. Hilo nimelitatua kwa kuhamisha kitanda cha watoto upande wa ukuta wa tofali na kujua ni pembe ipi ya sebule siwezi kulenga kamwe.

Jambo dogo ambalo mzee alinifundisha, litawafaa hasa wenye rivolva nyepesi za aluminiamu. Jaza tano, piga nne, toa ya tano uilinganishe na mpya. Teke la zile nne linaweza kuvuta kichwa cha ya tano kitoke kidogo gandani, na kikitokeza mbele ya silinda, silinda inagoma kuzunguka. Kwangu, kwa kuwa ni chuma, haikusogea hata unywele. Pia usinyunyize mafuta ukiwa na risasi ndani. Yakipenya kwenye fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, utabonyeza usikie tik.

Mwenye rivolva mpya iliyogongwa alama ya +P, mtutu wa inchi nne, hali yake ni nyingine. Ningekuwa yeye ningenunua ile Gold Dot bila kuuliza mara mbili.

Sanduku langu: nyota mbili kati ya tano, moja kwa sababu zote kumi na tano zililia bila kukwama, ya pili kwa zile tatu zilizopanuka vizuri kwenye maji. Zimebaki tano. Kumpa mtu siwezi, si halali, na mzee mwenyewe bunduki yake ni ya kaliba nyingine. Zimekaa kasikini ndani ya sanduku lao zuri lenye picha ya risasi iliyochanua kama ua la alizeti, zinakula nafasi tano kwenye kitabu changu.