Nilivaa kizibao cha mota 40, lakini kilichonitetemesha ni kipande cha mbao

Mimi nauza mapazia na mashuka ya mitumba soko la Gikomba, Nairobi, mwaka wa kumi na nne sasa. Robota likifunguliwa alfajiri, taa yetu ni ya simu tu, kwa hiyo kamera, yaani vitambaa vya daraja la kwanza, nazichagua kwa vidole zaidi ya macho. Mtoto wa kaka yangu aliponiambia, "Shangazi, kuna mahali Westlands wanakuvalisha VR, ile miwani ya kukuingiza katika dunia ya kompyuta, ukiguswa mle ndani unasikia mwilini," nilitaka kujionea. Ilikuwa shilingi 1,000 kwa kila kichwa, nusu saa, na bila shaka aliyelipa ni mimi.

Kizibao kilikuja kwanza, kisha miwani. Ndani ya kizibao mna mota ndogo 40, jamii ya zile zinazotetemesha simu, 20 mbele na 20 mgongoni. Aliyekishona hakufikiria mwanamke mwenye kifua. Mhudumu alivuta mikanda hadi ikaisha, na bado mota za pale tumboni hazikunigusa, na mota isiyogusa ngozi ni kelele tu.

Tulianza na mchezo wa kupigana na mazimwi. Pigo la kwanza liliponipata kifuani upande wa kushoto, nilijipapasa nikitafuta simu, maana hapo ndipo ninapoiweka. Kijana wa kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mvua, jamani! Matone yalinidondokea mabegani moja moja, kisha yakatambaa mgongoni hadi kiunoni. Nilijua ni mota, na ngozi haikujali ninachojua. Ncha ya kidole hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa milimita 2 au 3, ilhali mgongo hutaka nafasi ya kama sentimita 4. Mota mbili zikitetema pamoja, mgongo husikia mguso mmoja katikati. Moja ikififia na nyingine ikipanda, mguso unatembea. Kuna wakati mawasiliano yalikatika kidogo, nikasikia ngurumo, kisha mtetemo ukafuata nyuma kama mwangwi. Hapo hapo mvua ikarudi kuwa mtetemo wa simu.

Vidole vyangu navyo havikukubali kudanganywa. Waliniingiza katika chumba chenye pazia jekundu zito, linang'aa kama mahameli ya daraja la kwanza. Nikanyoosha mkono, kontrola, kile kishikio cha mchezo nilichokishika, ikavuma. Nikagusa meza, ikavuma vilevile. Ukuta nao hivyo hivyo. Nikalishika tena lile pazia, mkono ukapenya na kutokea upande wa pili. Mahameli ina uzito, ina joto lake, ina manyoya yanayolala ukipapasa huku na kusimama ukirudi kule. Mtetemo mmoja utasema nini katika hayo? Najua kuna glavu za kampuni ya HaptX, kila mkono una viputo 135 vinavyoisukuma ngozi kwa hewa, lakini zilipotangazwa mwaka 2022 bei yake ilizidi dola 5,000. Kwa pesa hizo nafungua kibanda cha pili.

Sasa mbao. Katika mchezo wa mwisho unapanda lifti hadi juu ya jengo refu, mlango unafunguka, na mbele yako ni ubao mmoja tu uliochomoza hewani, magari chini kama punje za mchele. Mara ya kwanza nilitembea hadi mwisho na kurudi. Nimewahi kupanda hadi juu ya lile jengo refu la KICC mjini, nani atanitisha na picha? Mhudumu akasema, "Mum, vua viatu, ujaribu tena." Sikujua kwamba amelaza ubao wa kweli sakafuni, ule unaoupata kwa fundi yeyote wa fanicha Ngong Road, na kuwasha feni. Unyayo ukakanyaga mbao, vidole vya mguu vikapita ukingo vikakosa pa kukanyaga, upepo ukanipiga usoni. Magoti yakagoma. Nilipiga "Uuwi!" iliyosikika hadi kaunta, na sikumaliza hata hatua tatu.

Kumbe ni jambo linalojulikana. Mwaka 2001, Brent Insko wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, aliwasimamisha watu kwenye ukingo wa mbao wenye kimo cha inchi moja na nusu huku miwani ikiwaonyesha shimo refu. Mioyo yao ilienda mbio kuliko waliposimama kwenye sakafu tambarare.

Nitarudi kwa ajili ya ubao na feni. Kizibao waniwie radhi: kilikuwa kimelowa jasho la aliyenitangulia, wakakipulizia manukato wakaona yameisha. Na dakika kama kumi za kuvaa na kuvua zilihesabiwa ndani ya nusu saa yangu.

Tulipofika nje nikatoa simu. Nilikuwa nimepigiwa mara tatu na mwenye marobota, wakati ule ule wa mazimwi.