Maneno 50,000 kwa siku 30: uzoefu wangu na chalenji ya Novemba

Chalenji ya NaNoWriMo (National Novel Writing Month, yaani mwezi wa kuandika riwaya) ilianza Marekani mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikahamia Novemba: rasimu ya riwaya, maneno 50,000, ndani ya mwezi mmoja. Shirika lililoiendesha lilitangaza kufunga mwaka 2025, lakini zoezi lenyewe linataka daftari na saa tu. Nimelitumia kwa Kiswahili hapa Mwanza, na nalipendekeza kwa moyo wote, ila si kwa hesabu ile ile.

50,000 kwa siku 30 ni maneno 1,667 kila siku, kipimo cha Kiingereza. Kiswahili hubana. “Hatukuwaona” ni neno moja. Kiingereza hulisema kwa maneno matano. Ukilazimisha 1,667 utaanza kujaza maji: “kwa hakika”, “katika hali hiyo”, wahusika wanaorudia walichokwisha kusema. Nimeshusha hadi 1,100, yaani 33,000 kwa mwezi, na rasimu inatoka na nyama.

Dakika 40 alfajiri, 40 usiku. Usisahihishe kitu. Kwenye simu, zima urekebishaji wa maneno, maana hugeuza Kiswahili kuwa Kiingereza bila kuuliza. Novemba ni vuli na umeme hukatika, hivyo kaunta buku ni salama zaidi: hesabu maneno ya mistari 10, pata wastani, zidisha kwa mistari uliyoandika.

Wengi hukwama wiki ya pili, na sababu karibu kila mara ni mhusika asiyetaka kitu. Kabla ya tarehe 1 andika sentensi moja: nani anataka nini, nani anamzuia. Ukikwama hata hivyo, iache riwaya kwa dakika 15. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, hata kwa mawazo, uandike mama na mchuuzi wakivutana bei ya gunia la dagaa. Mazungumzo matupu, bila “alisema”, na kila mmoja awe na jambo analoficha. Kisha andika tukio hilo hilo kwa macho ya kuli anayesubiri kulibeba. “Soko lilijaa pilikapilika” futa. Sentensi hiyo inafaa soko lolote duniani. Magamba ya sangara yaliyokaukia kwenye kandambili hayapo kila soko.

Kwa mtunzi wa mashairi ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani, chalenji hii siishauri. Mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mshororo, hazitaki mbio. Ubeti mmoja wa tarbia (mishororo minne) kwa siku unamtosha, na vina avikague kesho yake asubuhi kabla ya kuanza ubeti mwingine.