King'ora cha nyumbani: uzoefu wangu, nyota tatu

Nimekaa na alamu hii mwaka na ushei, nyumba ya chini, Tudor, Mombasa. Wezi sijawaona tena, hilo nawapa. Lakini miezi ya kwanza majirani niliwaona kuliko nilivyotaka.

Siku ya kwanza kililia saa nane usiku, nami niko Voi mazishini. Bi mkubwa wa ng'ambo ya njia akanipigia: "Mwanangu, hicho kidude chako chapiga kelele na mimi nina presha. Uko wapi?" Nikapigia kampuni, simu ikaita hata ikakatika. Mwanawe akaruka ukuta, akazima swichi kubwa ya stima. Wapi! Mtambo una betri yake ya volti 12, makusudi mwizi asiunyamazishe kwa kukata umeme. Kililia hadi karibu na adhana ya alfajiri.

Niliporudi nilipita mlango kwa mlango kuomba radhi, na bi mkubwa nikampelekea kilo ya halua. Mwalimu wa nyumba ya pembeni halua haikumlainisha. Alinitajia NEMA, mamlaka ya mazingira, na kanuni za kelele za 2009: usiku kwenye makazi, nje, mwisho desibeli 35. Sikuwa na la kujibu, boksi la king'ora limeandikwa 110 ubavuni.

Kilichokuwa kikikiamsha ni mjusi kafiri. Sensa, kile kidude cha kugundua mtu ndani, husoma joto linalotembea, na mjusi akitambaa juu ya kioo chake, kwa sensa huyo ni jitu. Fundi wa kampuni hakuniambia hata neno. Alifunga, akanywa chai, akaenda zake. Walipokuja kwa malalamiko yangu waliniambia nifukuze mijusi. Mombasa hii!

Nikatafuta fundi wangu, shilingi 2,000. Alifungua sensa akakuta vinyesi vya mjusi mle ndani, akavipangusa, akaziba tundu la waya kwa silikoni. Halafu akaingia kwenye mipangilio: kumbe king'ora kiliwekwa kilie mpaka kizimwe! Sasa kinakatika chenyewe baada ya dakika 3. Kazi ya nusu saa, ambayo kampuni ingeifanya siku ya kwanza.

Ufunguo wa akiba na namba ya kuzimia nimemwachia bi mkubwa. Juzi kililia niko kazini. Alipopiga simu alikuwa ashakizima, anauliza kwa nini nimeacha dirisha la jikoni wazi na paka wote hawa.