Kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja: nyota nne

Ninachokipima hapa si WhatsApp nzima. Ni kipande chake kimoja, kundi, tena la aina moja tu: lile la watu waliokaa darasa moja la sekondari na sasa wana mvi, dawa za presha na watoto waliowazidi urefu. Makundi ya kazini na ya ukoo yana mambo yake, siyagusi.

Nafasi ipo tele. Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, na sijaliona darasa la kujaza hata robo yake. Kazi zamani ilikuwa kuwapata hao watu. Wapo waliojaribu mapema: Classmates ilianza Marekani mwaka 1995, Friends Reunited ikafuata Uingereza mwaka 2000 na ikafungwa 2016. Huko ilibidi uende kwenye tovuti, ujiandikishe, kisha uombe Mungu mwenzako naye akumbuke kupita. WhatsApp inataka namba ya simu, basi. Mmoja ana namba za wawili, wale wawili wana za wanne, kiungo cha mwaliko kinamalizia. Letu lilijaa hivyo, akaibuka hata yule aliyehama kidato cha pili bila kuaga.

Kinachostahili sifa zote ni ujumbe wa sauti. Picha za wenzangu zilinishinda: unaukuza uso wa mtu kwenye kioo, unamtafuta unayemjua, humwoni. Halafu mmoja akabonyeza kipaza sauti, akacheka. Pale pale nikajua ni nani, alikuwa akikaa dawati gani, na mwalimu yupi alimtoa nje kwa kicheko hicho hicho. Programu inakuruhusu kusikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu au mara mbili. Kasi hiyo waachie mabosi.

Sasa thamani yenyewe. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wawili huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja ndipo wawe marafiki wa karibu. Piga hesabu. Bwenini tulikuwa pamoja saa kumi na zaidi kila siku tukiwa macho, kwa hiyo zile 200 zilitimia kabla hata mwezi wa kwanza haujaisha, na miaka ilikuwa bado mbele. Leo nikikutana na mtu mpya, tukapendana, tukabahatika kupata saa mbili kwa mwezi, tutafika huko baada ya miaka minane na ushei. Nani ana subira hiyo, na magoti haya? Ukishavuka arobaini na tano, rafiki wa shule hana mbadala, kwa kuwa tulimgharamia wakati ambao muda ndio mali pekee tuliyokuwa nayo, na tulikuwa nao kwa kumwaga. WhatsApp haikutengeneza hata dakika moja ya zile saa. Inatupa njia ya kuzifikia.

Na ukizifikia unawakuta watu wasiojali cheo chako. Kazini mimi ni mkuu wa idara, nikiingia minong'ono inakatika. Kundini naitwa jina la utani ambalo silitaji hapa, lilitokana na suruali. Siku moja niliandika aya ndefu kuhusu utovu wa nidhamu wa vijana wa sasa. Jibu likaja mara moja: "Huyu si ndiye aliyekuwa akiruka ukuta?" WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe, lakini wenzangu walihitaji sekunde tu. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka katibu muhtasi akachungulia. Ninaweza kumlipa mshauri yeyote, hatanisema hivyo, maana siku ya ukuta hakuwepo.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya kelele. Tangu 2020, ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Dawa za miujiza bado zinatufikia, ina maana tuna wenzetu wavumilivu sana. Unaweza kuzima arifa kwa muda wa saa 8, wiki moja au daima. Zima daima, uingie unapotaka mwenyewe. Tena usilete pale ugonjwa, ndoa wala deni. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ambao WhatsApp iliukamilisha 2016, unamzuia mtu wa nje asisome. Mwanafunzi mwenzako mwenye kidole chepesi cha kupiga picha ya skrini yumo ndani.

Jambo moja la kiufundi limenikaa vizuri. Tangu 2022 mtu anaweza kujitoa kimyakimya, wakajulishwa maadmini peke yao. Mwenzetu mmoja alijitoa hivyo. Admini wetu, aliyekuwa monita wa darasa na hajawahi kustaafu umonita, hakuuliza kundini. Alimpigia. Kumbe kazi iliisha miezi mingi nyuma, na wiki ile kundi zima lilikuwa likijadili magari. Watatu wakapanga zamu za kumpigia. Kundini hajarudi, wala hatumbani, lakini kwenye simu anapatikana, na matusi yake ni yale yale.

Kama shule kwako ilikuwa mateso, usiingie kwa kuburutwa. Waliokuonea nao wana simu, na si wote waliokua. Mtafute yule mmoja aliyekuwa upande wako, mwandikie pembeni, yatosha.

Wengine ingieni. Wiki ya kwanza itapita kwenye picha za zamani na salamu, ni sawa. Baada ya hapo chagua wawili watatu uliokuwa ukila nao sahani moja, uzoee kuwapigia bila sababu. Mimi ninayempigia zaidi hayumo hata kundini: anatumia simu ya vitufe, anasema hiyo inakaa na chaji, na mimi nikimweleza yaliyojiri huko anauliza tu nani kanenepa.