Hoteli ya Kifahari Kisumu: Chumba, Meza na Uwanja wa Ndege wa Utotoni

Watazamaji wangu, hamjambo? Leo niko Kisumu, kwenye hoteli ya kifahari hapa katikati ya jiji, na kamera nimeielekeza dirishani ili mlione ziwa kwanza. Ule ukijani pale ukingoni ni gugumaji. Upepo ukigeuka nalo huhama. Asubuhi pale palikuwa maji matupu. Chumba cha upande huu kina bei zaidi ya kile cha upande wa barabara. Lipa tu, inafaa.

Chumba chenyewe sina mengi. Kitanda kizuri, shuka safi, maji ya moto hayakawii, kiyoyozi hakipigi kelele. Na joto la Kisumu mnalijua.

Twendeni mezani. Nimeagiza sahani mbili. Ya kwanza ni mnofu wa samaki mbuta, yaani sangara, kwa mchuzi wa krimu, sahani pana, chakula kiduchu. Umepikwa vizuri, lakini ukila umefumba macho huwezi kujua uko mji gani. Ya pili ni huyu hapa, ngege mzima, yaani samaki tilapia. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona alivyochanjwa mbavuni? Mafuta yamepenya hadi mfupani, ngozi ikakauka vizuri, ndipo akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu kwa muda mfupi, kwa hiyo mgongoni bado anavunjika kwa mlio. Pembeni kuna ugali, na mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukatulia. Mhudumu amekuja na birika na beseni, akaninawisha hapa hapa mezani, maji ya uvuguvugu. Uma umebaki pale ulipo. Mimi ufahari nimeuona hapo: hoteli kubwa namna hii inanipa ngege nile kwa mkono, na kwa heshima zote.

Sasa kuta ndizo zimeniudhi. Picha zote ni za maghorofa ya ughaibuni! Hapa Kisumu?

Mnaokuja kwa ndege kutoka Nairobi mnajua, safari haifiki saa moja. Ndege hushuka kuelekea ghuba ya Winam, unaona mitumbwi ya wavuvi chini, mara magurudumu yako kwenye lami, maana uwanja uko kando ya ziwa kabisa. Utotoni, Jumapili tukitoka kanisani, baba alikuwa akitupeleka kutazama ndege. Tulikuwa tunasimama nje ya ua tukiwapungia abiria tusiowajua, na wengine walitupungia. Baba ndiye aliyetuambia kwamba miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways kutoka Uingereza zilikuwa zikitua juu ya maji yenyewe, zikielea kama mashua, kisha zinaendelea kusini mwa Afrika. Nilikuwa nalitazama ziwa nikizitafuta.

Picha ya ndege kama ile ndiyo ingefaa kutundikwa pale mapokezi. Wenye hoteli, mkiitazama video hii, naomba mlifikirie hilo. Jiko lenu tayari linajua liko wapi.

Kama unakuja, omba ghorofa za juu upande wa ziwa, na ngege mwagize mapema kabla hujapanda kuoga, kwa sababu huyu hupikwa ukishaagiza. Uwe umeshuka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado halijazama, ukae meza za nje. Mwenye swali kuhusu bei aniandikie hapo chini, nitamjibu.